Ngwe ya lala salama: kinachotokea kwa mama na mtoto mimba inapokomaa

Imani kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi nane hafiki mbali ni ya kale mno. Imo hata katika maandishi ya utabibu ya Wagiriki yanayonasibishwa na Hippocrates, na bado kuna wanaoisema kwa uhakika kabisa. Haina ukweli. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 34 ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa wiki ya 30, na wa wiki ya 39 hupata taabu chache kuliko wa wiki ya 36. Nimeanza nayo kwa sababu imesimama juu ya dhana ambayo hata wasioiamini wanayo: kwamba mtoto akishatimiza viungo na moyo ukadunda, kazi imekwisha, kilichobaki ni kunenepa na kungoja siku.

Miezi mitatu ya mwisho ina shughuli nzito kuliko inavyoonekana kwa nje, na shughuli yenyewe ina pande mbili. Karibu kila kero anayoilalamikia mjamzito katika kipindi hiki, iwe kuhema, kiungulia, miguu kujaa au usingizi wa mang'amung'amu, ukiifuatilia unakuta upande wa pili kuna kitu mtoto anapokea. Anayeujua uhusiano huo hapati shida sana kutenga kero ya kuvumilia na ile ya kukimbilia hospitali.

Tuweke kwanza hesabu sawa. Kliniki huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ingawa mimba hutunga kama wiki mbili baadaye. Kwa hesabu hiyo mimba ni siku 280, yaani wiki 40, na ngwe ya tatu inaanzia wiki ya 28. Tarehe inayoandikwa kwenye kadi ni makadirio tu. Wanaojifungua siku hiyo hiyo ni kama mama mmoja kati ya 20. Anayezaliwa kabla wiki 37 hazijatimia ni njiti, mimba ya wiki 39 na 40 ndiyo inayohesabiwa kuwa imekomaa kikamilifu, na ikifika 42 imepitiliza. Wiki ya 28 mtoto ana takriban kilo 1. Akifika 40, wengi huwa na kilo 3 na ushee. Uzito wake unaongezeka mara tatu ndani ya wiki 12, na vyote hivyo vinapita kwenye kondo la nyuma, ambalo lenyewe likizaliwa lina uzito wa nusu kilo hivi.

Mapafu hukomaa mwisho

Katika viungo vyote vitakavyohitajika dakika ile mtoto anapozaliwa, mapafu ndiyo yanayochelewa. Tumboni hayana kazi ya kumpa hewa, maana oksijeni inakuja kwa kitovu, na yenyewe yamejaa maji. Mtoto hufanya mazoezi ya kupumua, kifua kikapanda na kushuka, lakini hakuna hewa inayoingia.

Shida ni siku hewa itakapoingia. Mapafu yana vifuko vidogo mno, na kuta zake zina unyevu. Chukua mfuko wa plastiki uliolowa ndani, ubonyeze mpaka ushikane, kisha jaribu kuupuliza: mtoto njiti anahangaika na kitu cha namna hiyo kila pumzi. Kinachozuia kuta zisishikane ni utelezi wa mafuta na protini uitwao safaktanti. Seli za mapafu huanza kuutengeneza kuanzia kama wiki ya 24, lakini hautoshi mpaka karibu wiki ya 34 hadi 36. Ukimtazama kwa karibu mtoto aliyeukosa, utaona ngozi ya katikati ya mbavu inazama kila anapovuta pumzi, pua zinatanuka, na akitoa pumzi anaguna. Mguno ule ni jitihada ya kubakiza hewa kidogo ndani ili vifuko visijifunge. Ni kazi inayomchosha haraka, na nguvu zikimwishia anaweza kuacha kupumua.

Tiba ya kuzuia hali hiyo ilipatikana watu wakiwa wanatafuta kitu kingine. Miaka ya 1960, Graham Liggins, daktari wa uzazi wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo. Aliwapa wanakondoo walio tumboni homoni za jamii ya kotisoli, uchungu ukaanza kabla ya wakati. Mmoja wa wanakondoo hao, ambaye kwa umri wake hakutarajiwa kuishi, alikutwa anapumua. Liggins na daktari wa watoto Ross Howie wakafanya jaribio kwa wajawazito, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo: sindano anazochomwa mama huvuka kondo la nyuma na kuyakomaza mapafu ya mtoto haraka. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano hizo, deksamethasoni au betamethasoni, kwa mama aliye katika hatari ya kujifungua kati ya wiki ya 24 na 34, mradi hospitali iwe na uwezo wa kumhudumia yeye na mtoto njiti.

Sindano hizo hazifanyi kazi papo hapo. Zinahitaji saa kadhaa, na faida yake huwa kubwa siku nzima ikipita kabla ya kujifungua. Mama anayesikia uchungu wiki ya 31 akasema "ngoja nione mpaka asubuhi" anazichezea saa hizo hizo.

Ubongo nao una safari yake. Mtoto wa wiki 34 au 35 ana ubongo wenye uzito wa kama theluthi mbili tu ya ule atakaokuwa nao mimba ikikomaa. Uso wa ubongo uliokuwa laini unajikunja na kupata mifereji, na mishipa ya fahamu inaunganika kwa kasi. Matokeo yake yanaonekana titini: kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bila kupaliwa ni jambo ambalo watoto wengi hawaliwezi kabla ya wiki ya 34. Madaktari wanakataa kumzalisha mama kabla ya wiki ya 39 pasipo sababu ya kitabibu kwa sababu ya mambo kama haya, na wako sahihi, hata kama mama amechoka na tarehe nyingine ingewafaa zaidi ndugu.

Kusikia kumeshafika mapema zaidi. Kuanzia wiki ya 28 hivi mtoto hushtuka kwa sauti kubwa, macho yanafumbuka, na sauti anayoisikia kuliko zote ni ya mama yake. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kwamba watoto wenye siku moja hadi tatu walibadilisha namna ya kunyonya chuchu bandia ili wachezewe sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine.

Akiba ya kuondokea

Kitovu kikishakatwa, biashara ya kupokea bila kuomba imekwisha. Kwa hiyo wiki za mwisho mtoto anajilimbikizia.

Anachukua madini chuma, sehemu kubwa yake katika ngwe hii ya tatu, na akiba hiyo ndiyo itakayomtosha miezi kama minne hadi sita ya mwanzo, kwa sababu maziwa ya mama yana madini chuma kidogo. Anachukua kalsiamu pia. Mifupa ya mtoto aliyekomaa ina kama gramu 30, na takriban asilimia 80 huingia katika miezi mitatu ya mwisho. Utumbo wa mama hujibu kwa kufyonza kalsiamu karibu mara mbili ya kawaida. Usemi kwamba "kila mimba hung'oa jino" hauna msingi, ingawa fizi za wajawazito huvimba na kutoka damu kirahisi, na meno yasiyotunzwa huoza.

Mafuta chini ya ngozi ndiyo yanayomfanya akome kuonekana kama kizee. Sehemu yake ni mafuta ya rangi ya kahawia, yaliyokaa shingoni na katikati ya mabega, ambayo kazi yake ni kuzalisha joto. Njiti hupoa haraka kwa kuwa hana mafuta hayo ya kutosha. Vinyweleo laini vilivyomfunika mwili vinapukutika, na utando mweupe wa mafuta unabaki kwenye mikunjo.

Lililo muhimu kuliko hayo, kwa maoni yangu, ni kingamwili. Mwili wa mtoto mchanga bado haujajua kujilinda vizuri, kwa hiyo anaazima ulinzi wa mama. Kondo la nyuma huvusha kingamwili kwa makusudi, nyingi zaidi katika wiki nne za mwisho, kiasi kwamba mtoto aliyekomaa huzaliwa akiwa na kiwango kinachozidi cha mama mwenyewe. Chanjo ya pepopunda anayochomwa mjamzito hufanya kazi kwa njia hiyo, sawa na ile ya kifaduro katika nchi zinazoitoa. Mlengwa mkuu ni yule aliye tumboni.

Mama analipaje

Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, na hufikia kilele mnamo wiki ya 32 hadi 34. Maji ya damu huongezeka kwa kasi kuliko chembe nyekundu, hivyo damu inakuwa nyepesi na kipimo cha wingi wa damu kinashuka kidogo. Hilo linatarajiwa. Lakini kikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita katika ngwe hii, huo ni upungufu wa damu, na "ni kawaida ya mimba" si jibu. Vidonge vya madini chuma vinahusika hapo. Damu yote hiyo ina kazi mbili. Mji wa mimba uliokomaa hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika. Pili, kujifungua kunamwaga damu, na mwili umejiwekea ziada. Damu pia huganda upesi kuliko kawaida, jambo linalomlinda mama kondo likibanduka. Hasara yake ni kwamba damu inaweza kuganda pasipotakiwa: mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, usiuhesabu pamoja na uvimbe wa kila siku.

Kuhema kuna historia ya kuvutia. Watu hudhani ni tumbo kusukuma juu kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, na ni kweli hupanda kama sentimita 4. Ila wanawake wengi huanza kuhema kabla tumbo halijawa kubwa. Homoni ya projesteroni huuambia ubongo wa mama apumue kwa kina zaidi, hivyo kabonidaioksaidi katika damu yake hupungua kuliko kawaida. Pengo hilo ndilo linalomwezesha mtoto kuutoa uchafu wake wa hewa: unatiririka kutoka damu yake, ambako umejaa, kwenda ya mama, ambako ni haba. Mama anahema kwa niaba ya wawili. Akihema hata amekaa, akashindwa kulala bila kujiegemeza, au moyo ukimwenda mbio na kifua kuuma, hapo tumetoka kwenye kawaida.

Projesteroni hiyo hiyo hulegeza misuli laini popote ilipo. Mlango wa juu wa tumbo ukilegea, tindikali inapanda na kuleta kiungulia. Utumbo ukilegea, choo kinakuwa kigumu, na kwa uzito wa mimba bawasiri inajitokeza. Viungo vya nyonga navyo vinalegea kujiandaa kwa njia, na kugeuka kitandani kunauma. Vidole vya mikono vinaweza kufa ganzi kwa maji yaliyojaa kwenye kifundo. Mengi ya haya huondoka ndani ya siku au wiki chache baada ya kujifungua.

Kulala kunastahili neno la ziada. Ukilala chali, uzito wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Wengine huona kizunguzungu na jasho jembamba, wengine hawasikii chochote, lakini damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Kuanzia wiki ya 28 ushauri ni kulala ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukizinduka usiku ukajikuta chali, geuka uendelee na usingizi. Hakuna haja ya kuingiwa na hofu.

Kuhusu sukari, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama ili sukari ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Kongosho la mama hufidia kwa kuongeza insulini. Likishindwa, ndipo kisukari cha mimba kinapoingia, na mara nyingi kinaingia kimya kimya. Kipimo chake kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Mtoto anayeoga sukari kupita kiasi hutengeneza insulini yake nyingi na kunenepa. Kisha kitovu kinakatwa, sukari inasimama ghafla, insulini bado imejaa, na saa chache baada ya kuzaliwa sukari yake inaporomoka. Basi mtoto mkubwa wa kilo 4 na nusu anayesifiwa wodini anaweza kuwa ndiye anayehitaji kuangaliwa zaidi.

Panapowachanganya watu kuliko pote ni uvimbe. Miguu kujaa jioni na kupungua asubuhi ni jambo la wajawazito wengi. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kuuma kusikosikia dawa, kuona vimulimuli au ukungu, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia ni dalili za presha ya mimba iliyo njiani kuwa kifafa cha mimba. Balaa lake ni kwamba presha ya 140 kwa 90 na zaidi inaweza kuwapo mama akijihisi mzima kabisa. Hakuna jicho linaloiona. Ni kipimo tu, pamoja na mkojo kupimwa protini. Kati ya mahudhurio manane ya kliniki ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016, matano yako katika ngwe hii: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Mama anayeacha kliniki kwa sababu "mimba haina shida" anaacha wakati ule ule shida hii inapozoea kujitokeza. Kuwashwa viganja na nyayo bila upele, hasa usiku, nako kusemwe kliniki, maana huenda ini lina hitilafu. Damu ikitoka ukeni, iwe na maumivu au bila maumivu, ni safari ya hospitali wakati huo huo.

Dokezo kuhusu dawa: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu huzinunua bila kufikiri mgongo ukimuuma, si za kipindi hiki. Moyo wa mtoto una mshipa maalumu unaoipitisha damu kando ya mapafu ambayo bado hayatumiki, na dawa hizo zinaweza kuufunga kabla ya siku yake.

Mtoto kucheza

Utasikia kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza. Kauli hiyo imewachelewesha wengi. Kinachobadilika ni aina ya mchezo: nafasi ikibana, mateke makali yanapungua na kunakuja kujinyoosha, kujibiringisha, kusukuma kwa goti au kiwiko hadi tumbo linainuka upande mmoja. Kiasi hakipaswi kupungua. Mtoto hulala kwa vipindi vya dakika 20 hadi 40, mara chache kuzidi dakika 90, na kila mmoja ana mazoea yake, kwa hiyo kipimo kizuri ni mazoea ya mtoto wako mwenyewe. Akipunguza kucheza au akinyamaza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kusikia mapigo kwa kifaa cha nyumbani hakutoshi; moyo unaweza kudunda huku mtoto akiwa taabani.

Kukaa kwake pia kunabadilika. Wiki ya 28, kama mtoto mmoja kati ya wanne au watano ametanguliza makalio. Mimba ikikomaa wanabaki watatu au wanne katika 100. Kwa hiyo mkunga akikuambia wiki ya 30 kwamba kichwa kiko juu, bado ana muda wa kugeuka. Kuanzia wiki ya 36 au 37 daktari mwenye ujuzi anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono kupitia tumboni.

Uchungu unavyokuja

Kwa mimba ya kwanza, kichwa mara nyingi hushuka kwenye nyonga wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Kwa zinazofuata huenda kikashuka siku ya uchungu wenyewe. Kifua kinapata nafuu, kibofu ndicho kinachobeba adhabu. Maziwa ya mwanzo yanaweza kudondoka, lakini maziwa mengi yamezuiwa na projesteroni mpaka kondo litoke. Mlango wa kizazi uliokuwa mgumu unaanza kulainika na kufupika, na misuli ya mji wa mimba inaongeza vipokezi vya oksitosini, homoni inayoikaza misuli hiyo, ili homoni ile ile ambayo awali haikuitikiwa ije kupata mwitikio.

Wakati huo huo tumbo hukaza na kuachia. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliyaeleza mikazo hayo mwaka 1872, na jina lake likabaki. Huja bila mpangilio, na ukibadilisha mkao, ukitembea au kunywa maji hutulia. Uchungu wa kweli hautulii: vipindi vinakaribiana, vinarefuka, na kuuma kunazidi. Ute mzito wenye michirizi ya damu ni dalili ya mlango kuanza kufunguka, ingawa unaweza kutangulia siku kadhaa. Chupa ikipasuka, iwe kwa kishindo au kwa kuvuja tu, nenda hospitali hata kama huumwi, na uangalie rangi. Maji ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia ndani, na mhudumu aambiwe mara unapofika.

Na tarehe ikipita kimya? Siku chache si tatizo. Baada ya wiki ya 41 maji yanayomzunguka mtoto hupungua, kondo linaweza kushindwa kumudu mahitaji yake, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, kidogo kidogo lakini kwa hakika. Kwa hiyo wakati huo mama huelezwa kuhusu kuanzishiwa uchungu, na akiamua kungoja, kungoja kwenyewe kunaambatana na kupimwa mapigo ya mtoto na kiasi cha maji mara kwa mara.